Kifungo cha Mfuko wa Kukhu

Fundo la leso ni benki ya tangu zamani. Mwanamke huweka humo fedha za soko na ufunguo wa sanduku, na wakati wa ugonjwa huweka vidonge alivyopewa zahanati. Halina kufuli wala halitoi mlio, na mwenye nguo huenda nalo popote aendapo. Lakini fundo lina sharti moja: lahitaji vidole vyenye nguvu. Vidole vikikakamaa, fundo lililokuwa mlinzi hugeuka kuwa mpinzani.

Hayo ndiyo yaliyomfika mama mmoja mzee mnamo mwezi wa Aprili mwaka 2023, katika upande wa Kenya wa mji wa Busia. Wajukuu zake humwita Kukhu, kama wajukuu wengi wa sehemu hizo wanavyowaita bibi zao. Alikuwa ameolewa upande wa Uganda, na baada ya kufiwa na mumewe alirudi kukaa karibu na ndugu zake ng'ambo ya pili. Mstari wa mpaka ulipochorwa haukuuliza habari za ukoo, na hata leo jamaa za Busia huvuka kwenda kutazamana kama watu wa mitaa mingine wanavyovuka barabara.

Kukhu alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu. Aliagizwa ameze kidonge kimoja kila asubuhi. Alivitoa vidonge katika pakiti yake, akavichanganya na vile vya maumivu ya viungo, akavifunga vyote katika pindo la leso. Mvua za masika ziliponyesha, viungo vya vidole vilimvimba, asiweze kulifungua fundo. Akamwomba mtoto wa jirani amfungulie, kisha akavimimina vidonge katika kisahani ili asisumbuke tena. Asubuhi akameza kimoja. Adhuhuri hakukumbuka kama alikuwa amemeza, akameza kingine. Siku ya pili akafanya vivyo hivyo. Siku ya tatu aliinuka kitini ghafula, kizunguzungu kikamshika, akaanguka mlangoni na kuteguka kifundo cha mkono. Kwa bahati njema mfupa haukuvunjika.

Mwanawe ni koplo wa polisi mjini Tororo. Alipata habari akiwa lindoni, akaomba ruhusa, akaenda kumwona mama yake. Aliporudi kambini usiku ule alikaa kimya muda mrefu, chakula kikapoa mbele yake.

"Mama amekuwa mtoto," alisema hatimaye. "Hata vidonge hawezi kuhesabu."

Binti yake wa kwanza, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa akifua vyombo karibu na mlango. Aliinua kichwa, akajibu kwa adabu, "Baba, Kukhu hakupungukiwa akili. Alipungukiwa mahali pa kuweka."

Koplo hakujibu. Lakini neno lile halikuanguka chini.

Wazazi wenye watoto katika shule za sekondari za Uganda wanafahamu kwamba mtaala mpya wa madarasa ya chini, ulioanza kutumika mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi afanye mradi wa mikono pamoja na masomo ya vitabu. Muhula ule wa pili mwalimu wa binti huyo alikuwa amewaagiza wanafunzi kila mmoja achague taabu moja ya nyumbani na kubuni kifaa cha kuiondoa. Wengi walichagua majiko ya udongo na sabuni. Binti wa koplo aliandika katika daftari lake: mfuko wa vidonge vya juma zima, vyumba saba, utakaovaliwa chini ya leso.

Mwalimu alisoma, akamrudishia daftari pamoja na maswali manne. Nani atautumia? Kwa mkono upi? Mara ngapi kwa siku? Na ukiharibika, utaharibikia wapi? Alitakiwa kuyajibu kabla ya kukata kitambaa.

Swali la nne ndilo lililomnyima usingizi. Kitambaa kilikuwa rahisi. Kushona alijua, kwa maana mama yake alikuwa na cherehani. Chumba kimoja cha kidonge kilipaswa kuwa na upana wa sentimita 3 tu, ili vyumba vyote saba vienee kiunoni bila kumchoma mzee akikaa. Basi kifungo cha kila chumba kisizidi sentimita moja. Kiweze kufunguliwa na kufungwa kila juma, mwaka hata mwaka. Kisipige kelele kanisani. Kisidondoshe kidonge mtu akiinama kuchota maji. Na zaidi ya yote, kifunguliwe na vidole vilivyovimba. Kifungo cha namna hiyo kitapatikana wapi?

Alianza na soko la Tororo, mji ule uliokaa chini ya jabali linaloonekana kutoka mbali, ambao jina lake husomwa juu ya mifuko ya saruji. Katika duka la vifaa vya ushonaji alionyeshwa zipu. Zipu ni kitu cha ajabu kikitazamwa kwa makini. Mmarekani Whitcomb Judson alionyesha ya kwanza katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, lakini ilikuwa ikikwama na kufunguka yenyewe. Aliyeipa meno madogo yanayoumana kama tunavyoyajua sasa ni Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1917. Lakini zipu fupi kuliko zote pale dukani ilikuwa ya suruali. Ingeweza kukatwa, ila vipande saba vya zipu vingeufanya mfuko uwe mgumu kama mkanda wa risasi, na ulimi wa zipu ni mdogo mno kwa kidole kisichokunjika.

Akaonyeshwa vifungo vya shati. Hivyo alivijua: hutaka tundu, na tundu hutaka vidole viwili vinavyoshirikiana. Akaonyeshwa kulabu ndogo za waya zenye vitanzi, zile zinazofungwa juu ya zipu ya gauni. Hizo hutaka macho makali, na macho ya Kukhu yalikuwa yamechoka.

Katika duka la dawa ndipo alipodhani safari imekwisha. Mwuzaji alikuwa akitia vidonge katika vifuko vya plastiki vilivyo angavu, vyenye urefu wa sentimita 6 na upana wa 4, ambavyo midomo yake hubanwa kwa vidole ikashikana, kisha huvutwa ikaachana, ikabanwa tena. Siri yake ni nyepesi: mdomo mmoja una mfereji, mwingine una ukingo, na ukingo huingia katika mfereji kama mlango unavyokaa katika fremu yake. Vifuko hivyo vilianza kutengenezwa katika miaka ya 1950, na mwaka 1968 vikaingia katika majiko ya Wamarekani kwa jina la Ziploc. Maji hayapenyi. Bei yake ni ndogo. Binti alinunua vifuko kumi, akakimbia nyumbani.

Alipomwonyesha baba yake, koplo alikishika kimoja, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Na hivi vitatumika wapi?"

"Kwa Kukhu, Baba."

"Yaani Kenya."

Binti akakumbuka. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, pamoja na ile bapa isiyo na mikono, na adhabu iliyotangazwa ilikuwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4 za Kenya, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote pamoja.

"Lakini Baba, hivi ni vidogo kama stempu! Na ni vya dawa. Labda haviguswi na sheria."

"Labda," alijibu koplo. "Mimi mwenyewe sijui sheria ya jirani inavipima vipi. Lakini mtu anayewakamata wengine hawezi kuvuka mpaka na labda mfukoni."

Binti alisikitika, akakaa chini kuvijaribu vile vifuko hata hivyo, ili awe na la kuandika katika daftari. Alichukua vitambaa, akajifunga viungo vya vidole vyake visiweze kukunjika, akajaribu kufunga kifuko mara kumi. Mara sita mdomo ulibaki wazi upande mmoja, naye hakujua mpaka alipokigeuza na kidonge kikaanguka. Hapo alifahamu kwamba hata kama mpaka usingekuwapo, vifuko vile visingemfaa Kukhu. Kifaa kinachoonekana kimefungwa kumbe kiko wazi ni kibaya kuliko kisahani, kwa sababu kisahani hakimdanganyi mtu.

Jumamosi iliyofuata koplo alikuwa na likizo ya siku mbili, akamchukua binti yake hadi Busia. Mji huo ndio unaotajwa mara nyingi kuwa mmoja wa wazazi wa boda-boda, pale waendesha baiskeli wa zamani walipokuwa wakiwapakia abiria na mizigo kati ya kituo cha nchi moja na cha pili. Siku hizi kituo cha mpaka ni kimoja kwa nchi zote mbili. Kilifunguliwa rasmi na marais wa Uganda na Kenya mwezi wa Februari mwaka 2018, na msafiri huhudumiwa na maofisa wa pande zote mahali pamoja. Kabla ya kuvuka, baba na binti walipitia barazani kwa fundi mmoja mzee, anayeshona upande wa Uganda karibu na wauzaji wa nguo kuukuu.

Fundi alimsikiliza binti mpaka mwisho, mguu wake ukiwa umetulia juu ya pedali. Kisha akacheka kidogo.

"Mwanangu, unatafuta kifungo kidogo katika maduka ya watu wazima. Nani ana nguo ndogo?"

Binti akafikiri. "Mtoto mchanga, Mzee."

"Basi nenda pale kwenye rundo la mitumba, kanunue nguo za watoto wachanga zilizochanika, ambazo hakuna mama atakayezitaka. Uniletee."

Alirudi na nguo nne. Katika mapaja ya zile nguo, pale mama anapofungua ili kubadilisha nepi, vilikuwamo vifungo vya kubonyeza, vidogo kama punje ya choroko iliyolowekwa, vyenye upana wa milimita 7 hivi. Kimoja kina kichwa, cha pili kina shimo lenye kingo za kuchipua. Ukibonyeza, kichwa huingia na kingo hukikamata. Mjerumani Heribert Bauer alipata hati ya ubunifu wa kifungo cha namna hiyo mwaka 1885, kwa ajili ya suruali za wanaume, na tangu siku ile hakijabadilika sana.

Katika kiatu kimoja cha mtoto kulikuwa na utepe wa kunata. Binti akaupenda, akauvuta na kuubandika. Fundi akamwuliza, "Umewahi kupita porini ukarudi na mbegu za kishona nguo zimekuganda?"

"Mara nyingi, Mzee."

"Huyo ndiye babu yake."

Fundi alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka kuwinda mwaka 1941, akakuta mbegu zenye kulabu zimemganda yeye na mbwa wake. Akazitazama kwa hadubini, na baada ya miaka mingi ya majaribio akazaa utepe ule ambao dunia huuita Velcro. Lakini fundi alimwonya binti juu ya mambo mawili: utepe huo hukusanya nyuzi na vumbi mpaka ukaacha kushika, na ukifunguliwa hulia kama nguo inayochanika.

"Kukhu hatautaka," alisema binti. "Watu wote kanisani watajua kwamba anameza dawa."

Basi wakabaki na vifungo vya watoto. Fundi aliving'oa pamoja na kiraka cha nguo kilichovishikilia, kwa maana havikushonwa kwa uzi bali viligongelewa kwa mashine. Akamwonyesha binti namna ya kukikunja kiraka na kukishonea juu ya kitambaa kingine. Kwa vyumba vilivyobaki alimpa vile vya kushona kwa mkono, vyenye vitundu vinne pembeni, akamfundisha kupitisha uzi mara nne katika kila kitundu na kuuficha mwisho wake chini, ili usije ukalegea ukifuliwa.

Kabla ya kwenda kwa Kukhu walipitia zahanati anakochukulia dawa. Mwuguzi aliutazama mchoro, akauliza, "Kidonge kitakaa humo kikiwa kitupu?"

"Ndiyo, Dada. Ndiyo maana nilikuwa nikitafuta kifungo kisichopitisha maji."

"Usitafute tena. Kifungo hicho tayari unacho." Akatoa pakiti ya vidonge vilivyofunikwa kwa jaribosi, kila kimoja katika kitanda chake. "Hiki ndicho kinachozuia unyevu. Usikitoe kidonge humu mpaka saa ya kumezwa. Kata kwa mkasi kidonge kimoja kimoja pamoja na jaribosi lake, na ncha za pembe uzikate ziwe za mviringo, zisimchome. Mwambie akitoe kidonge katika jaribosi kabla ya kukitia kinywani, maana wako wazee waliokwisha kumeza vyote pamoja wakaumia koo. Na pakiti yenye jina la dawa na tarehe ya mwisho isitupwe."

Binti aliandika yote. Taabu iliyomhangaisha majuma mawili ilikuwa imepungua nusu kwa sentensi moja, kwa sababu amemwuliza anayejua. Mfuko sasa ulikuwa na kazi ya kushika na kukumbusha tu. Kazi ya kuzuia maji ilikuwa na mwenyewe.

Mwuguzi akamgeukia koplo. "Na wewe, Afande? Ugonjwa wa mama mara nyingine huwa na njia ya kupitia kwa mwana. Keti nikupime, ni dakika tano."

Koplo alitazama saa yake. "Siku nyingine, Dada. Leo nina haraka."

Binti alijua kwamba baba yake alikuwa na likizo ya siku mbili. Hakusema kitu.

Kukhu aliwapokea kwa furaha, kifundo cha mkono kikiwa bado kimefungwa kitambaa. Alipopewa mfuko wa kujaribia, wenye vyumba viwili tu, aliusifu. Kisha akajaribu kuufungua, akashindwa. Kichwa kidogo cha kile kifungo kilikuwa kimekamatwa barabara, na kucha zake hazikupata pa kuingilia. Alijaribu mara ya pili na ya tatu. Halafu akauweka mapajani, akasema polepole, "Ni kizuri, mjukuu wangu. Ni cha mtu mwenye vidole."

Machozi yalimlenga binti. Alikuwa amepima kila kitu kwa rula, ila hakuwa amepima mkono wenyewe.

Lakini Kukhu alikuwa mfumaji wa mikeka katika ujana wake, naye alijua tabia ya vitu vinavyobanana. "Usivute katikati," alisema. "Mlango hausukumwi kwenye bawaba. Nipe ukingo wa kushika, mbali na hicho kidude." Wakakata kipande cha leso, wakakishonea kama ulimi mrefu wa sentimita 3 unaopita kifungo na kutokeza chini. Sasa Kukhu hakuhitaji kucha. Alishika ulimi kwa kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, akauinua, na kifungo kikaachia kwa sauti ndogo kama tone la maji. Kukifunga alikilaza gotini, akakikandamiza kwa kiganja. Ile sauti ndogo, ambayo binti alikuwa ameihofia, ikawa na faida: ilimjulisha mzee kwamba sasa kimefunga kweli.

Wakati wanafurahi, mtoto wa jirani, wa miaka miwili, alikuja akauvuta ulimi. Kifungo kikafunguka. Kidonge kikawa mkononi mwake kabla ya mtu kusema neno. Koplo alimnyang'anya haraka, na chumba kizima kikanyamaza.

Hilo ndilo fumbo ambalo limewasumbua wabunifu wa dunia nzima: kilicho rahisi kwa mzee ni rahisi kwa mtoto. Nchini Kanada mwaka 1967, daktari wa watoto Henri Breault alisaidia kupatikana kwa kifuniko cha chupa kinachotaka kubonyezwa na kuzungushwa kwa pamoja, baada ya kuchoka kuwatibu watoto waliomeza dawa za nyumbani. Kifuniko hicho kimeokoa watoto wengi, na kimewatesa wazee wengi wenye vidole kama vya Kukhu.

Binti alitaka kuongeza kifungo cha pili kigumu. Bibi yake akakataa. "Ukinifungia mimi ili umfungie yeye, nitarudi kwenye kisahani. Niwekee msumari." Wakapigilia msumari juu ya mlango wa chumba cha kulala, mahali ambapo mtu mzima hufika na mtoto akipanda kiti bado hafiki. Mfuko utakuwa kiunoni mwa mzee au juu ya msumari, wala hautakuwa mahali pa tatu. Kifungo ni msaidizi wa jicho la mlezi. Hakiwezi kumpa jicho hilo likizo.

Likabaki jambo moja. Kukhu hajui kusoma, na herufi za siku zingekuwa mapambo tu. Binti alipendekeza rangi saba. Kukhu akasema kwamba gizani asubuhi rangi zote ni ndugu. Kisha akachukua uzi, na kwa taabu, kwa vidole vile vile, akafunga fundo moja katika ulimi wa kwanza. "Jumatatu," alisema. Ulimi wa pili mafundo mawili, wa tatu matatu, mpaka saba. Binti alimalizia yale ambayo mkono wa mzee haukuyaweza. Hivyo fundo la leso, lililokuwa limefukuzwa kazi ya kufuli, likarudi likapewa kazi ya karani.

Mfuko kamili ulishonwa Tororo kwa mabaki ya leso. Mama alikuwa na kipande cha kaki kilichobaki katika sare kuukuu, lakini koplo alikataa kisiguswe. "Kitambaa cha Serikali hakikatwi mfuko wa nyumbani," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwisho wa mwezi wa Julai walikwenda kuutazama kazini. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na chumba chenye mafundo matatu kilikuwa bado kimefungwa na kidonge chake ndani. Kukhu alikuwa amesahau Jumatano. Alikuwa ameligundua mwenyewe alfajiri kwa kupapasa, na hakumeza viwili kulipa deni. Alimeza cha Alhamisi tu, akangoja kumwuliza mwuguzi, ambaye alisema amefanya vyema. Binti alifikiri kwamba kifaa chake kimeshindwa. Koplo alimtazama mama yake aliyekuwa akieleza kwa sauti ya mtu anayejua hesabu yake, akasema, "Hapana. Mwezi wa Aprili hakuna aliyejua. Leo amejua mwenyewe."

Shuleni mradi haukupata alama ya kwanza. Mishono ya vyumba viwili ilikuwa imepinda, na mwalimu hakuificha kwa kalamu yake nyekundu. Lakini aliusomea darasa zima ukurasa ulioandikwa "Vilivyokataliwa na Sababu Zake": zipu, kulabu, kifuko cha plastiki, utepe wa kunata. Aliwaambia wanafunzi kwamba ukurasa huo ungeweza kumwokolea mwezi mzima mtu mwingine anayetafuta kitu hicho hicho.

Jioni moja ya mwezi wa Agosti binti alikuta karatasi juu ya cherehani. Ilikuwa katika mwandiko wa baba yake, ule mwandiko wa kitabu cha matukio, wenye mistari iliyonyoka. Juu kulikuwa na tarehe ya siku ile na tarakimu mbili zilizotengwa kwa mkwaju, kama alivyoziona mara nyingi katika kadi ya Kukhu. Chini yake ilikuwa imeandikwa: "Vyumba saba. Upana ule ule. Rangi isionekane chini ya shati. Ulimi si lazima uwe mrefu. Vidole bado ninavyo."

Binti aliikunja karatasi, akaitia katika daftari la mradi. Kisha akafungua kikopo cha vifungo, akaanza kuhesabu kama vingefika saba.